Kocha wa Mtani Akikalia Kuti Kavu, Uliza Haya Kabla ya Kushangilia

Kila ifikapo Novemba hapa Toledo, Ohio, mada ni moja: kocha wa upande wa pili atafukuzwa au ataachwa? Mji wetu uko kaskazini kabisa mwa jimbo, umegusana na mpaka wa Michigan. Kwenda Ann Arbor, kilipo Chuo Kikuu cha Michigan, ni kama saa moja kwa gari. Kwenda Columbus, nyumbani kwa Ohio State, ni zaidi ya saa mbili. Ndiyo maana kazini, kanisani, kwa kinyozi, hata kwenye harusi za Waswahili wenzetu, utakuta kofia za bluu na njano za Michigan zimekaa meza moja na jezi nyekundu za Ohio State. Mimi ni wa nyekundu. Nimekulia Dar es Salaam, ambako mtu wa Yanga humuombea kocha dhaifu wa Simba aongezewe mkataba, na mtu wa Simba humuombea hivyo hivyo kocha wa Yanga. Ushabiki wa hapa haukunichukua muda kuuelewa.

Kwa ambaye hajaizoea futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai: msimu wa kawaida una mechi 12 tu. Hakuna mzunguko wa pili wa kulipiza. Ukifungwa na mtani mwishoni mwa Novemba, unakaa na jambo hilo mwaka mzima. Viwanja vya Michigan na Ohio State kila kimoja huchukua zaidi ya watu 100,000, na kocha mkuu mara nyingi ndiye mtumishi wa umma anayelipwa fedha nyingi kuliko wote katika jimbo lake. Kwa hiyo mtu akisema "kibarua cha kocha kinaota nyasi", anazungumzia jambo linalogusa hadi siasa.

Nimeshiriki mabishano haya miaka mingi, na nimeona watu wakibishana juu ya kitu kisichoamua chochote. Wanahesabu vipigo. Hatima ya kocha haiamuliwi kwa vipigo peke yake, na hata ikiamuliwa, jina la mlangoni linaweza kubadilika mtani akabaki vilevile, au lisibadilike na mtani akarudi mwingine kabisa. Kwa hiyo usiombe abaki wala aondoke kabla hujajua nini kitabadilika pamoja naye.

Wazee wa Michigan wanamkumbuka John Cooper kwa furaha. Aliifundisha Ohio State kuanzia 1988 hadi msimu wa 2000, akashinda mechi 111, lakini mbele ya Michigan alishinda 2, akafungwa 10 na kutoka sare 1. Ungekuwa wa Ann Arbor ungetamani mtu huyo afundishe hadi azeeke. Januari 2001, baada ya kufungwa na South Carolina katika mechi ya Mwaka Mpya, akafukuzwa. Akaletwa Jim Tressel kutoka Youngstown State, timu ya daraja la chini hapahapa Ohio. Kabla hajaongoza hata mechi moja, Tressel alisimama katika mechi ya kikapu pale Columbus akawaahidi watu kwamba watajivunia vijana wao darasani, mtaani, na hasa baada ya siku 310 huko Ann Arbor. Novemba ikafika, akashinda 26 kwa 20 kwenye uwanja wa Michigan. Msimu uliofuata akatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Miami 31 kwa 24 katika muda wa nyongeza. Katika misimu 10 aliyokaa, Michigan walimfunga mara moja tu.

Huo ni upande mmoja wa hatari: unamcheka kocha dhaifu, anafukuzwa, anakuja mtu wa kukutesa miaka 10. Upande wa pili umetupata sisi.

Jim Harbaugh alirudi Michigan, chuo alichokichezea, mwishoni mwa 2014. Kuanzia 2015 hadi 2019 alikutana na Ohio State mara 5 akafungwa zote 5. Mwaka 2018 tuliwafunga 62 kwa 39, na 2019 tukawafunga 56 kwa 27 nyumbani kwao. Mwaka 2020, msimu uliovurugwa na korona, Michigan walishinda mechi 2 na kufungwa 4, na mechi yetu ikafutwa. Wakati huo kila mtu wa nyekundu niliyemjua alikuwa na sala moja: Harbaugh asiguswe. Na sala ikajibiwa. Januari 2021 mkurugenzi wa michezo wa Michigan, Warde Manuel, alimpa mkataba mpya, ila mshahara ukakatwa karibu nusu, hadi kama dola milioni 4 kwa mwaka pamoja na marupurupu ya ushindi.

Hapo ndipo watu wetu walipoacha kutazama, na hapo ndipo palipokuwa na habari. Harbaugh alimwondoa Don Brown, mratibu wa ulinzi aliyeruhusu pointi 62 na 56 zile, akamchukua Mike Macdonald, kijana wa miaka ya mwanzoni mwa 30 kutoka Baltimore Ravens, timu ya NFL, ligi ya kulipwa. Akajaza benchi lake makocha vijana. Timu ilibadilika yeye akiwa palepale. Novemba 27, 2021, theluji ikidondoka Ann Arbor, Michigan walitufunga 42 kwa 27, na Hassan Haskins akavuka mstari na mpira mara 5. Mwaka uliofuata wakaja Columbus wakashinda 45 kwa 23. Mwaka 2023 wakashinda tena, 30 kwa 24, na Januari 2024 wakawa mabingwa wa taifa. Najua kuna kesi ya kuiba ishara ambazo makocha wapinzani huwapa wachezaji wao, ambayo kwetu Ohio haijasahaulika. Harbaugh alifungiwa mechi 3 za mwisho za msimu wa kawaida wa 2023. Hata hivyo, ukitaka kujua mtani anaelekea wapi, kuliko kusoma vichwa vya habari kuhusu kocha mkuu, soma nani ameajiriwa chini yake mwezi Januari.

Kisha ikaja zamu yetu ya kuombewa, sisi na kocha wetu Ryan Day. Novemba 30, 2024, Michigan walifika Columbus wakiwa na ushindi 6 na vipigo 5, wachambuzi wakitupa sisi tofauti ya karibu pointi 20. Tukafungwa 13 kwa 10. Ilikuwa mara ya 4 mfululizo. Ndugu mmoja Mkongo ninayefanya naye kazi, Michigan damu damu, aliniambia Jumatatu yake, "Kaka, tafadhali msimfukuze Ryan Day. Mpeni mkataba hadi astaafu." Watu wetu wenyewe walikuwa wamegawanyika, na wengi walitaka aondoke hata kabla ya mechi za kuwania ubingwa.

Nilimuuliza Mkongo huyo maswali ambayo ningemuuliza yeyote.

La kwanza: amefungwa na mtani, au amepoteza timu? Hayo ni mambo mawili. Cooper alikuwa akishinda kwingine akianguka kwa Michigan. Harbaugh wa 2020 alikuwa akianguka kila mahali. Day, jioni ile ya Novemba, alikuwa ameshinda mechi 63 na kufungwa 10 tangu achukue timu mwaka 2019. Wachezaji wake wakubwa, ambao wengi wangeweza kwenda kulipwa NFL mwaka mmoja kabla, walikuwa wameamua kubaki. Mtu wa namna hiyo ana jeraha moja baya, lakini hajafa.

La pili: bosi wake ni nani, na ameshapitia nini? Mkurugenzi wa michezo, Ross Bjork, alikuwa mgeni Ohio State, hakuwa yeye aliyemwajiri Day. Kwa kawaida hiyo ni dalili mbaya kwa kocha, maana bosi mpya hupenda kuleta mtu wake. Lakini Bjork alitoka Texas A&M, ambako mwaka 2021 alimwongezea Jimbo Fisher mkataba, na Novemba 2023 akalazimika kumfukuza kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 75. Mimi naamini mtu aliyewahi kuandika hundi ya namna ile hakurupuki. Bjork alimuunga mkono Day hadharani, na vijana wakajibu uwanjani: wakaifunga Tennessee 42 kwa 17, Oregon 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, na Januari 20, 2025 wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23 mjini Atlanta, wakawa mabingwa. Day akapewa mkataba hadi 2031, dola milioni 12.5 kwa mwaka. Novemba 2025 akashinda Ann Arbor 27 kwa 9.

La tatu ni fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi hupotea. Mikataba ya makocha wakubwa ina fidia ya kuvunja mkataba: ukimfukuza bila kosa la kinidhamu, unamlipa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki. Watu huona tarakimu hiyo wakasema "hawamuwezi, atabaki". Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mwaka 2025 ilivunjika. Oktoba 12 Penn State, chuo cha jimbo jirani la Pennsylvania, walimfukuza kocha wao James Franklin wakiwa wanadaiwa karibu dola milioni 50, na Oktoba 26 LSU, chuo cha Louisiana, wakamfukuza Brian Kelly akiwa anadai zaidi ya milioni 50. Wafadhili matajiri huchangishana. Vilevile soma kipengele kidogo ambacho wengi hawakijui: mikataba mingine inasema kocha akipata kazi kwingine, mshahara mpya unapunguza deni. Mkataba wa Fisher haukuwa nacho. Wa Franklin ulikuwa nacho, na alipoajiriwa na Virginia Tech, mzigo wa Penn State ulishuka sana. Kwa hiyo ukisikia "milioni 50", uliza kwanza kama ni milioni 50 kweli.

Angalia pia kalenda. Wiki ya kwanza ya Desemba vijana wa sekondari husaini na vyuo, na chuo kikibadilisha kocha, wachezaji wake hupewa dirisha la kuhama. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa pia kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Ndiyo maana siku hizi makocha hutimuliwa Oktoba: wakuu wanataka mrithi awepo kabla vijana hawajasaini. Kocha wa mtani akivuka Novemba akiwa kazini, uwezekano wa kumuona mwakani ni mkubwa. Na ushindi wa ghafla usikudanganye. Florida walimtangaza Billy Napier kuwa anabaki Novemba 2024, akamaliza msimu vizuri, na Oktoba 2025 wakamfukuza siku moja baada ya kushinda mechi.

Nina neno kuhusu mipaka. Mtanie mtani wako, mtumie picha za ubao wa matokeo saa tano usiku, vaa jezi kwenye harusi yake akikubali. Lakini familia ya Day ilipokea vitisho kwa sababu ya mechi ya mpira, na vilitoka kwa watu wanaojiita wa kwetu. Kocha ana watoto wanaokwenda shule na wa kwako. Wachezaji wengi wana miaka 18 hadi 22. Kwenye meza yangu, mtu akianza kumtukana mke wa kocha au kumtakia kijana aumie, mazungumzo yanaishia hapo, awe amevaa bluu au nyekundu. Hasa tunapokuwa na watoto wetu, ambao wanajifunza nchi hii kupitia sisi.

Sasa hivi macho yangu yako Penn State. Franklin alikutana na Ohio State mara 11 akiwa pale, akashinda 1, ile ya 2016. Kwetu alikuwa jirani mwema kabisa, na jamaa zangu wengi walisikitika alipoondoka, ingawa timu yake ilianza msimu wa 2025 ikiwa ya 2 nchini kabla ya kuporomoka kwa vipigo 3 mfululizo. Mrithi wake ni Matt Campbell, aliyeipa Iowa State ushindi wa mechi 11 mwaka 2024, jambo ambalo chuo hicho hakijawahi kulipata kabla. Iowa State haina fedha wala vijana kama wa Penn State. Ukiwa wa nyekundu na unataka kujua kama tutamkumbuka Franklin, fuatilia nani anaongoza ulinzi wa Campbell, wasaidizi wangapi amekuja nao kutoka Iowa, na vijana wangapi wa Pennsylvania wanabaki kwao badala ya kuja Columbus. Mimi tayari nimeanza kuhesabu hao wa mwisho.