Mwambie kabla ya siku ya kliniki

Dada, umeuliza kama kijana wako wa miaka 9 aambiwe kwa nini ametumwa hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, pale tunapopaita Russia, kwa sababu haongezeki urefu. Mwambie, tena mapema, jioni mkiwa wawili tu. Mimi wangu nilimficha mpaka tukapanda matatu. Alinyamaza njia nzima akidhani anaenda kupasuliwa. Mpaka leo inaniuma.

Usimwambie "una shida". Mwambie daktari anataka kujua mwili wake unakua kwa mwendo gani. Umri huo mtoto kwa kawaida huongeza kama sentimita 5 kwa mwaka, kwa hivyo kipimo cha siku moja hakitoshi: beba kile kijitabu chake cha kliniki na urefu wowote ulioandikwa shuleni. Huenda akapigwa eksirei ya mkono wa kushoto kuangalia umri wa mifupa, yaani mifupa yake imekomaa kama ya mtoto wa miaka mingapi. Haiumi, mwambie hivyo. Daktari akitaka kumkagua mwili, mtoto aelezwe na kuulizwa kwanza, pazia livutwe, nawe ubaki ndani. Na hao majirani wanaomwita "kafupi", wakataze leo.