Rilei inalia lakini kipimo kinayumba

Ndugu, umesema mtambo wako wa kupima bodi za umeme unakubali bodi asubuhi na kuikataa hiyohiyo mchana, na fundi mwenzako anataka mnunue kadi mpya ya swichi, yaani ile yenye rilei (swichi zinazofungwa kwa umeme) zinazounganisha bodi na vipimo. Subirini kwanza.

Mlio wa "tik" wa rilei unathibitisha tu kwamba koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku, inavuta. Hausemi kama pointi, yaani vyuma vinavyopitisha mkondo, zinagusana vizuri. Zima mtambo, chomoa kiunganishi cha bodi, uwashe tena, kisha funga rilei moja moja kwa programu (pointi zigusane) na upime ukinzani wa pointi kwa waya nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kupima volti. Waya mbili zitakudanganya, maana ukinzani wa waya zenyewe unaingia kwenye hesabu. Rilei ndogo ya ridi (yenye pointi ndani ya kijibomba cha kioo) ikiwa mpya huwa chini ya omu 0.2. Rudia mara 50 kila moja: inayorukaruka ndiyo mgonjwa wako, hata kama wastani wake ni mzuri. Isiyoachia baada ya kuzimwa, pointi zimeshikana kwa joto.

Hapo ndipo ninapokusihi uangalie programu. Je, inafunga rilei huku umeme umeshawashwa? Bodi yenye kapasita kubwa hunyonya mkondo mwingi ghafla, na pointi huungua. Funga rilei kwanza, subiri milisekunde chache zitulie, ndipo uwashe umeme. Wakati wa kufungua, zima umeme kwanza na usubiri kapasita zitoe chaji. Bila hivyo, kadi mpya nayo itakufa vilevile.

Ukipata rilei mbovu, badilisha hiyo tu, ya volti ileile ya koili.