Atakuwa daktari kamili: majibu ya maswali yenu kuhusu vyuo vya D.O. Marekani

Barua zinazonifikia siku hizi kutoka kwa vijana wetu na wazazi wao nyingi zinahusu D.O., yaani shahada ya udaktari wa osteopathia, udaktari unaofundisha pia kutibu mifupa na misuli kwa mikono. Mimi ni daktari wa familia mwenye shahada hiyo. Najibu chache hapa, nikianza na iliyonigusa zaidi.

Habari za kazi dokta. Binti yangu amekubaliwa chuo cha D.O. huko Missouri. Shangazi zake wanasema atakuwa mkandaji wa viungo tu, si daktari. Niwajibu nini? (Mama, Dallas)

Shikamoo mama, na hongera sana. Waambie atakuwa daktari kamili. Ataandika dawa, atazalisha, atapasua akichagua upasuaji, na leseni yake itakubalika katika majimbo yote 50. Sean Conley aliyemtibu Rais Trump, na Kevin O'Connor aliyemtibu Rais Biden, wote wawili wana D.O. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani leo wako kwenye vyuo hivi.

Mashangazi hawakulitoa hewani, lakini. Uingereza, na nchi nyingine kadhaa za Ulaya, mtaalamu wa osteopathia hutibu kwa mikono tu. Si daktari wa kuandika dawa wala kupasua. Mwenye ndugu London atakuwa amesikia hivyo, na kwa huko ni kweli. Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Andrew Taylor Still, tabibu wa zama hizo, alifiwa na watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, na dawa za zama zile hazikumfaa kitu. Akaanza kutafuta tiba ya namna yake, na mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, Missouri. Wanawake walikuwemo tangu darasa la kwanza. Baada ya hapo vyuo vikaongeza dawa na upasuaji kwenye masomo, na wahitimu wakapigania haki jimbo kwa jimbo. La mwisho kuwapa leseni kamili lilikuwa Mississippi, mwaka 1973.

Tangu 2020 wahitimu wa D.O. na wa M.D., ile shahada ya udaktari iliyozoeleka, wanafanya residensi, yaani mafunzo ya kazini baada ya chuo, chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Binti yako atafanya COMLEX, mitihani ya leseni ya wenye D.O., na wenzake wengi huongeza USMLE, ile ya wenye M.D., kwa hiari, kwa kuwa baadhi ya programu za upasuaji wa fani ngumu bado zinapendelea M.D. Hilo lipo na ni vizuri alijue mapema. Kwa tiba ya familia, watoto, magonjwa ya ndani au akili, mlango uko wazi kabisa.

Kaka, nina GPA (wastani wa alama za chuo) 3.3 na MCAT (mtihani wa kuingilia udaktari) 501. Kemia nilifeli, nikarudia nikapata A. Niombe? (Columbus, Ohio)

Omba, ila ujue unaposimama. Wanaoingia vyuo vya D.O. wana wastani wa MCAT wa karibu 503 au 504, na GPA ya karibu 3.6. Zamani somo lililorudiwa lilifuta alama ya kwanza kwenye mfumo wa maombi wa AACOMAS. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2017. Sasa alama zote mbili zinahesabiwa. Kwa hiyo ile A haikufutii deni, lakini inaonyesha umeinuka. Ongeza biokemia na fiziolojia, ufaulu vizuri.

Linalowaangusha watu wetu zaidi ya alama ni kuchelewa. Mfumo hufunguliwa mwezi Mei, na vyuo vinajaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Mwenye 501 aliyetuma Juni yuko pazuri kuliko mwenye 505 aliyetuma Desemba. Transkripti, yaani hati ya alama zako, agiza mapema, na anayeandika barua ya mapendekezo mkumbushe bila haya.

Assalaam aleikum dokta. Navaa hijabu. Nimesikia kuna maabara ambako wanafunzi wanavua nguo na kushikana. Je, D.O. si kwa ajili yangu? (Minneapolis)

Waaleikum salaam dada yangu. Ni kwa ajili yako, na swali lako ni la haki kabisa.

Maabara ya tiba ya mikono iko hivi. Chumba kina vitanda vya kutibia, wanafunzi wawili kwa kitanda: mmoja analala, mwingine anajifunza. Unaambiwa utafute kwa ncha za vidole sehemu za mifupa zinazochomoza pembeni mwa uti wa mgongo, uhisi kama upande mmoja umejitokeza kuliko mwingine, kisha mwenzio avute pumzi uone kama mbavu zinapanda sawa. Wiki za mwanzo hutahisi chochote, hata ukifumba macho. Mwalimu anaweka mkono wake juu ya wako, anakisogeza kidole chako kidogo tu, na hapo unahisi. Kwa sababu hiyo mavazi ya kawaida ni kaptula na fulana, na kwa wanawake sidiria ya michezo.

Vyuo vimeshazoea wanafunzi wa dini mbalimbali. Unaweza kuomba mwenzi wa kike, pazia au pembe ya chumba, na vazi linalofunguka mgongoni peke yake. Uliza kabla hujakubali nafasi, na uombe majibu kwa maandishi. Chuo kinachokujibu kwa ukali kimekuonyesha mapema kitakavyokutendea miaka minne. Kuna mama zetu wanaoahirisha vipimo vya saratani ya shingo ya kizazi kwa kukosa daktari wa kike wanayemwamini. Wanakungoja wewe.

Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kila mtu ananiambia niandike hayo kwenye insha, lakini sitaki kuonewa huruma. (Louisville, Kentucky)

Una haki ya kutotaka. Insha ya AACOMAS ina herufi 5,300 pamoja na nafasi, kama ukurasa mmoja tu. Ukizijaza mateso, msomaji atakusikitikia lakini hatakujua wewe ni nani. Andika ulichofanya. Kama ulikuwa ukishika kadi ya kliniki ya bibi, ukijua siku yake ya presha na vidonge vilivyobaki, anzia hapo, na kambi itaje kwa jina tu. Kisha sema kwa nini D.O. Kwa hilo mtafute daktari mwenye D.O. umfuate kazini siku kadhaa. Vyuo vingine vinataka barua kutoka kwa daktari kama huyo.

Nimemaliza kidato cha sita, PCB, Dodoma. Naweza kwenda D.O. moja kwa moja? (Dodoma)

Hapana, mdogo wangu. Marekani udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vinavyopokea wageni wasio na grini kadi ni vichache. Huko nyumbani M.D. ni miaka mitano kisha mafunzo kwa vitendo. Kama alama zinaruhusu, soma hapo. Na wakala anayekuahidi nafasi ya D.O. kwa malipo ya mbele, mkimbie.

Nilihitimu udaktari Lubumbashi, sasa niko Des Moines. Nianze upya na D.O.? (Iowa)

Usianze upya, ndugu. Njia yako ni cheti cha ECFMG, shirika linalokagua madaktari waliosoma nje ya Marekani: USMLE Step 1 na Step 2, mtihani wa Kiingereza cha kitabibu, na chuo chako kuthibitisha shahada. Baada ya hapo unaomba residensi. Programu nyingi hutazama umehitimu lini, kwa hiyo anza mitihani sasa, hata kama unafanya kazi ya usiku.

Ada tutaipata wapi? (Mzazi, Houston)

Hapa nawaomba wazazi mkae chini na hesabu kabla ya kijana kutuma maombi. Vyuo vingi vya binafsi vinatoza zaidi ya dola 55,000 kwa mwaka, bila pango wala chakula. Wakopaji wapya kuanzia Julai 2026 hawapati tena Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza. Mkopo wa serikali kuu uliobaki umewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Wenye grini kadi wanastahili, wenye viza ya masomo hawastahili. Pengo litabaki, na mikopo ya benki ina masharti magumu.

Ninyi wa Texas mna bahati. Chuo cha umma cha D.O. kiko Fort Worth, ada yake kwa mkazi wa jimbo haifiki nusu ya hiyo, na sehemu kubwa ya nafasi ni za wakazi. Maombi yake hayapiti AACOMAS, yanapita TMDSAS, mfumo wa maombi wa Texas, ambao pia hufunguliwa Mei. Mwambie kijana akiweke cha kwanza kwenye orodha.