Maswali na majibu: Kumchua farasi aliyekaza misuli

Mgongo wa farasi wangu umekaza upande mmoja. Nianzie wapi, na nibonyeze kwa nguvu kiasi gani?

Anza bila kubonyeza. Mtu amshike kwa kamba iliyolegea, mahali tambarare, nawe pitisha kiganja polepole kutoka nyuma ya masikio, shingoni, begani, hadi matakoni. Fanya hivyo pande zote mbili. Unatafuta tofauti: joto, ugumu, au ngozi inayoruka ukiigusa. Msuli mrefu wa mgongo unapita kandokando ya uti, kwa hiyo kaa upana wa kiganja kutoka katikati na usibonyeze mfupa wenyewe.

Ukifika penye ugumu, laza vidole vitatu na uegemee kidogo kidogo. Uzito wa mkono unatosha. Subiri sekunde 30 hadi 60 bila kusugua. Ukishindana na msuli unazidi kukaza, kwa sababu farasi hujihami. Macho yako yawe usoni kwake: akipepesa, akishusha kichwa, akilamba midomo au akipiga miayo, pamelegea. Masikio yakilala nyuma, mkia ukichapa, au akikukwepa, punguza. Wengi hukosea farasi anaposimama tuli huku amebana pumzi. Wanadhani amefurahia, kumbe anavumilia. Nusu saa inatosha kabisa. Kisha mtembeze dakika 10 au 15, na siku hiyo asipandwe.

Farasi amekakamaa nyuma katikati ya mazoezi, anatoka jasho jingi na hataki kusogea. Nimchue?

Hapana, wala usimlazimishe kutembea. Huenda nyuzi za misuli zinavunjika. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, ni mayoglobini, protini iliyotoka kwenye misuli, nayo huweza kuharibu figo. Mvue tandiko, mwache alipo, mpe maji, mfunike kama kuna baridi, na umwite daktari wa mifugo papo hapo. Vipimo vya damu ndivyo vitakavyomsaidia daktari kuamua lini arudi kazini. Kuchua kunasubiri ruhusa yake. Hali ni hiyo hiyo kwa farasi mwenye homa (joto la kawaida akiwa ametulia ni takriban nyuzijoto 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi), jeraha bichi, uvimbe usiojulikana au ugonjwa wa ngozi.

Mtaalamu wa Bowen alimgusa mara chache, akasimama kando dakika kadhaa, akarudi. Nimelipia nini hasa?

Hata hayo mapumziko ni sehemu ya tiba. Njia hii imetokana na Tom Bowen wa Geelong, Australia, aliyewatibu watu. Ngozi huvutwa kidogo, vidole huviringishwa juu ya msuli au kano, kisha mwili huachwa utulie kabla ya mguso unaofuata. Kwa maoni yetu, maelezo ya namna inavyofanya kazi ni mengi kuliko ushahidi wake. Kwa hiyo pima matokeo: farasi atembezwe kabla na baada, kwa mstari ulionyooka na kwa duara pande zote mbili, nawe urekodi kwa simu. Vipindi vitatu bila mabadiliko vinatosha. Rudi kwa daktari.

Namchua, analegea, wiki ijayo amekaza palepale. Kwa nini?

Kwa sababu chanzo bado kipo, na mara nyingi ni tandiko. Mvue baada ya kazi uangalie jasho: baka kavu katikati ya sehemu iliyolowa linaashiria mbano, au pengo ambalo tandiko haligusi. Nywele nyeupe zilizoota hapo ni alama ya mbano wa zamani. Tandiko lisivuke ubavu wa mwisho, yaani wa 18. Likiwa sawa, kagua kwato na meno. Farasi anayechechemea kidogo nyuma hubeba maumivu hayo mgongoni, na mikono yako haitamaliza tatizo la mguu.

Nipake mafuta?

La. Manyoya yanatosha kuteleza, na mafuta hukusanya vumbi chini ya tandiko.

Mazoezi ya kunyoosha kwa karoti yanafanywaje?

Misuli ikiwa na moto, baada ya kutembea dakika 10. Mwongoze kwa karoti apeleke kidevu kifuani, kisha katikati ya magoti ya mbele, kisha ubavuni kila upande. Ashikilie kama sekunde 5, mara 5 kila mwelekeo, siku 5 kwa wiki. Usiikimbize karoti, maana atanyakua badala ya kunyoosha. Akihamisha miguu ili aifikie, umeipeleka mbali mno, irudishe karibu.