California iliyoshushwa nyuma: nikague nini kabla ya kuinunua?

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Milano. Nimepata kruza aina ya Moto Guzzi California 1400 ambayo karakana ndogo ya huku Italia imeibadilisha: shokapu za nyuma ni fupi na pikipiki imeshuka kama sentimita 5, ekzosi ni fupi na wazi, na madigadi ya nyuma imekatwa. Muuzaji anasema injini haijaguswa, hivyo hakuna cha kuhofia. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, injini hiyo ya cc 1,380, yenye silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia, ni imara, na kwa kweli ndiyo ambayo ningeihofia kidogo kuliko vyote. Kinachostahili kukaguliwa kwanza ni zile shokapu.

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika California 1400 ni milimita 1,685. Nyuma ikishuka kwa milimita 50, fremu nzima hulala kwa takriban nyuzi 1.7, na foki, yaani mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, hulala pamoja nayo. Jambo hilo hurefusha umbali kati ya pale mstari wa usukani unapokutana na ardhi na pale tairi la mbele linapogusa. Kwa foki za kruza, nyongeza huwa kama milimita 12. Kwenye barabara kuu utaona pikipiki imetulia zaidi, lakini kwenye kona za polepole usukani utakuwa mzito na gurudumu la mbele litataka kuangukia ndani. Taa ya mbele nayo huinuka na kuwamulika madereva wanaokuja, na stendi ya pembeni, ikiwa haikufupishwa, huiacha pikipiki ikiwa imesimama wima mno, kiasi kwamba upepo au msukumo mdogo unaweza kuiangusha upande wa pili.

Kumbuka pia kwamba Guzzi haitumii cheni bali shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Pembe ambayo krosi ya shafti (kiungo kinachoiwezesha kujipinda) iliipitia kwa nukta moja tu pikipiki ilipogonga tuta, sasa ndiyo inayokaa nayo safari nzima. Iendeshe kwa gia ya juu huku ukiongeza na kupunguza mafuta taratibu: mtetemo unaokuja na kuondoka, au mlio wa kugonga unapoachia mafuta, ni sababu ya kumwita fundi afungue na kuangalia krosi na beringi. Kisha mwombe rafiki apande nyuma yako na mpite kwenye matuta, halafu inama umulike chini ya madigadi. Ukiona mstari uliong'aa kwa kusuguliwa na tairi, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Kuhusu ekzosi, sauti si hoja. Ekzosi iliyo wazi hubadilisha mtiririko wa hewa, na ikiwa kompyuta ya injini haikurekebishwa, mchanganyiko unaweza kukosa petroli ya kutosha na vichwa vya silinda vikapata joto kupita kiasi. Uliza nani aliyeirekebisha, na kwa kipimo gani. Tazama vilevile kama imegongwa alama ya idhini ya Ulaya, yaani herufi e na namba ya nchi iliyoidhinisha (Italia ni 3). Isipokuwepo, hutaruhusiwa kuitumia barabarani.

Kwa upande wa hati, kifungu cha 78 cha sheria ya barabara ya Italia kinataka chombo kilichobadilishwa sifa zake za kiundaji kikaguliwe na Motorizzazione, ofisi ya serikali ya usajili na ukaguzi wa magari, na hati yake ya usajili isahihishwe. Maneno ya muuzaji hayatoshi. Omba kuona hati yenyewe, na uilinganishe na kilichofungwa kwenye pikipiki.

Mwulize pia kama amehifadhi shokapu za awali. Zikiwepo na ziko nzima, shusha bei kidogo na uzirudishe, kwa kuwa ni kazi ya boliti nne.