Grisi ya presha kidoleni, mikono yenye vipele na ndoo tupu: majibu kwa mwenye gereji ya malori

Mkuu, nianze na kijana wako, maana hayo mengine yanaweza kusubiri ila yeye hawezi. Umesema alikuwa anapiga grisi krosi ya propela (kiungo cha shafti ya chini ya lori) ya semi, nipeli (kichwa kidogo cha kuingizia grisi) ikagoma, akaushikilia mdomo wa bomba la grisi kwa vidole usichomoke, mara akahisi kama kachomwa sindano kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kuna kitobo kidogo na tone la damu, maumivu si makali, na unauliza kama alale aende zahanati asubuhi. Hapana. Aende usiku huuhuu, tena hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kama mko Dar, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Kaskazini kuna hospitali ya KCMC Moshi, Kanda ya Ziwa kuna Bugando Mwanza. Mkiwa mbali, hospitali ya rufaa ya mkoa, na mpige simu kabla ya kufika.

Hiyo hali ya kutouma ndiyo inayowaponza wengi. Bomba la mkono la kawaida, lile la mpini na katriji ya gramu 400, linaweza kufikisha psi 10,000, yaani karibu bar 690 (psi na bar ni vipimo vya presha). Ngozi ya mtu hutobolewa na presha ya karibu psi 100 tu. Grisi ikishapita ngozi haibaki pale penye kitobo. Inafuata njia ya kano ndani ya kidole, na inaweza kufika kiganjani au hata kwenye kifundo cha mkono huku juu ngozi ikionekana nzima. Kidole hakina nafasi ya ziada ndani, kwa hiyo grisi inabana mishipa midogo ya damu. Wakati huohuo mafuta na viongezi vyake vinaunguza nyama polepole. Mwanzoni kidole hufa ganzi tu. Baada ya saa chache kinavimba, kinapwita, kinapauka na kuwa baridi, na hapo sehemu ya nyama inakuwa tayari imeanza kufa. Ripoti za upasuaji za miaka mingi zinaonyesha kwamba katika ajali za presha kubwa kwa jumla, karibu watu 3 kati ya 10 hukatwa kidole au sehemu yake. Rangi na thina ni mbaya kuliko grisi, lakini grisi nayo imekatisha vidole vingi. Lengo ni awe chumba cha upasuaji ndani ya saa 6 za mwanzo.

Wakati mnajiandaa kuondoka, mvueni pete na saa kabla mkono haujavimba. Kidole kifunikwe kwa kitambaa safi kikavu, na mkono ukae juu ya usawa wa moyo. Msikikamue, msikikande, msikiloweke maji ya moto, msikipake spiriti wala petroli. Kukamua kunaisukuma grisi mbele zaidi. Asile wala asinywe chochote, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi. Andikeni saa aliyoumia. Pigeni picha ya lebo ya ndoo ya grisi, jina lote na namba zake, au mwende na karatasi ya usalama ya bidhaa kama muuzaji aliwapa.

Mapokezi nako kuna mtego. Mhudumu akiona kitobo kama cha sindano atasafisha, atafunga bandeji, atatoa panadol na kusema mrudi baada ya siku tatu. Msiseme "kajichoma". Semeni hivi: "Grisi imeingia chini ya ngozi kwa presha kubwa kutoka kwenye bomba, tunaomba daktari wa upasuaji amwone sasa." Kidole kisichomwe sindano ya ganzi kwenye shina lake, kwa sababu dawa hiyo nayo inaongeza ujazo mahali ambapo tayari pamebana. Madaktari wa mikono wanalijua hili, ila aliye zamu usiku huenda hajawahi kukutana nalo, kwa hiyo mkumbusheni kwa heshima. Na eksirei isiyoonyesha kitu haina maana kwamba grisi haimo, kwani grisi nyingi za leo hazionekani humo. Chanjo ya pepopunda ataihitaji pia.

Sasa kwa nini ilitokea. Mdomo wa bomba una taya ndogo zinazoishika nipeli. Zikilika, mdomo hauumi tena, na fundi anaanza kuushikilia kwa vidole. Hapo tayari kidole kiko mbele ya presha. Dawa ni kubadilisha mdomo, ambao ni sehemu ya bei ndogo kuliko zote kwenye bomba. Nipeli nayo ifutwe kabla ya kupachika, kwa sababu mchanga ukikaa kwenye kijigololi chake haifunguki, na hata ikifunguka mchanga wote unaingia kwenye krosi. Nipeli ikigoma baada ya mipigo miwili mitatu ya mpini, acha. Inua mdomo kwa pembe kidogo ili presha itoke, chomoa, fungua nipeli na weka mpya. Nyingi kwenye malori ni M6, M8 au M10, kwa hiyo kopo moja la mchanganyiko linakaa gereji muda mrefu. Anayeongeza nguvu kwenye mpini, au anayeuongezea kipande cha paipu ya chuma ili upate urefu, anaipeleka presha yote kwenye mpira wa bomba, ule unaopeleka grisi kwenye mdomo wake. Mipira mingi ya mabomba haya imepimwa kufanya kazi kwenye psi 4,500 hivi, chini ya nusu ya presha ambayo bomba lenyewe linaweza kutoa. Nipeli ikiziba kabisa, kinachofuata kupasuka ni mpira, na mara nyingi unapasukia pale karibu na kiungo ambapo mkono umeushika.

Kwa hiyo shika paipu ya chuma, au mpira wenye springi ya kinga. Ukaguzi wa mpira uwe wa kila wiki: angalia nyufa, uvimbe, nyuzi za waya zilizochomoza, na grisi inayovuja pembeni mwa kiungo. Ukiona kimojawapo, mpira utupwe, usizungushiwe tepu. Na mtu asijaribu kwa kidole kama grisi inatoka. Apulizie kwenye kipande cha boksi.

Pampu za upepo zinazokaa juu ya pipa zinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu haziko chini ya nguvu za mkono wa mtu. Pampu ya uwiano wa 50:1 ikipewa bar 6 za kompresa inatoa bar 300 kwenye grisi, na inabaki na presha hiyo hata ukiacha kubonyeza. Kabla ya kufungua kiungo chochote, funga upepo, kisha bonyeza bunduki yake ndani ya ndoo mpaka isitoe kitu tena. Presha ndogo inayotosha kazi ndiyo presha sahihi.

Nigusie na mashine inayozunguka, maana mmoja wa waliochangia kwenye swali lako kasema mota na konveya hupigwa grisi zikiwa kazini. Kama nipeli iko karibu na shafti, mashine izimwe, swichi ifungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao anayepaka. Glavu ikinaswa na shafti inakwenda na mkono. Kama uzalishaji hauruhusu kuzima, nipeli ivutwe kwa paipu ndogo mpaka nje ya kinga. Na usijaze tu. Kwa beringi tumia gramu = kipenyo cha nje × upana × 0.005, vipimo vikiwa milimita. Beringi yenye namba 6310 ina kipenyo cha 110 na upana wa 27, kwa hiyo inataka karibu gramu 15. Pima kwa mizani bomba lako linatoa gramu ngapi kwa mpigo mmoja, kisha hesabu mipigo. Grisi ya ziada inachemka ndani, inatoboa sili, inaishia sakafuni, na mtu anateleza.

Tuje kwenye mikono. Vipele vyeusi vyenye vichwa mikononi, na mapajani kwa wale wanaoweka tambara mfukoni mwa ovaroli, ni vinyweleo vilivyozibwa na mafuta. Ngozi kavu, nyekundu, inayopasuka katikati ya vidole ni jambo lingine, nayo mara nyingi huletwa na kinachotumika kunawia kuliko grisi yenyewe. Petroli inayeyusha mafuta ya asili ya ngozi, inaacha njia wazi kwa uchafu kupenya, na ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Dizeli na thina nazo zinakausha ngozi vivyo hivyo. Hapa ningeomba uwe mkali kabisa: kopo la petroli la kunawia liondoke gereji wiki hii.

Badala yake mtu afute kwanza grisi kwa tambara kavu safi au karatasi. Kisha kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia mikononi, asugue karibu dakika moja mpaka weusi uachie, afute tena. Mwisho sabuni ya mche na maji. Kama uchafu umeng'ang'ania kwenye mistari ya vidole, sukari kidogo kwenye yale mafuta inatosha, ila mchanga na sabuni ya unga vinakwangua ngozi. Akishakauka apake mafuta ya mgando. Kabla ya kazi zivaliwe glavu za naitraili. Zile nyembamba za mpira wa kawaida mafuta yanazilainisha zikachanika. Glavu iliyochanika ni mbaya kuliko kukosa glavu, kwa sababu inaikalisha grisi kwenye ngozi siku nzima. Tambara lililofutia grisi ya zamani lisitumike tena mkononi: lina vumbi la chuma linalokata ngozi usione, na chuma cha beringi kina kromi, ambayo baadhi ya watu hudhurika nayo. Ovaroli iliyolowa mafuta ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto nyumbani.

Kuhusu swali la kama grisi inaleta saratani, jibu linategemea mafuta yaliyotengenezea grisi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linayaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa au yaliyosafishwa kidogo kwenye kundi la 1, yaani yanasababisha saratani kwa binadamu. Yaliyosafishwa sana yako kundi la 3, ambako ushahidi hautoshi kusema hivyo. Kwenye karatasi ya usalama tafuta kipimo kinachoitwa IP 346. Kikionyesha chini ya asilimia 3, mafuta hayo hayahesabiwi kuwa ya saratani kwa sheria za Ulaya. Karatasi ina sehemu 16. Kwa gereji soma ya 2 kwa hatari, ya 4 kwa huduma ya kwanza na ya 8 kwa kinga. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi hiyo, au anayekuuzia grisi iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni bila lebo, usinunue kwake. Ikitokea ajali kama ya leo hutakuwa na la kumwambia daktari.

Grisi haishiki moto kirahisi. Mafuta yake mengi yanahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ndipo mvuke wake uwake. Ikiwaka usimwagie maji, tumia poda, povu au mchanga. Lakini oksijeni ni habari tofauti kabisa. Grisi au mafuta yakigusa regyuleta, nyuzi za valvu au mpira wa mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, yanaweza kuwaka kwa mlipuko bila cheche yoyote. Anayepiga grisi asiguse mitungi mpaka anawe na avue glavu, na regyuleta iliyogoma isilainishwe kwa chochote.

Beringi iliyoganda msiichomoe kwa kuipasha moto wa gesi ikiwa bado na grisi. Moshi wake unachoma koo na macho. Kama ni grisi nyeupe ya gharama yenye floraini, ikifika karibu nyuzi 300 inatoa gesi zinazoleta homa, baridi kali na kifua kubana saa kadhaa baadaye. Hata chembe zake kwenye sigara zinatosha, hivyo hakuna kuvuta sigara kabla ya kunawa. Tumieni pula, yaani kifaa cha kuvutia beringi.

Mwisho, ndoo na mapipa. Ndoo ya grisi ya kilo 18 isiende nyumbani kuchotea maji wala kuhifadhia unga, hata ikioshwa kwa sabuni mara ngapi. Plastiki inafyonza mafuta na viongezi, kisha inaviachia kidogo kidogo, hasa ikiwekewa kitu cha moto au chenye mafuta. Itobolewe ili asiyejua asiichukue, au ibaki ya kuwekea matambara machafu, ikiwa na kifuniko. Pipa lililobaki na mafuta lisikatwe kwa grinda wala gesi ili kutengenezea jiko. Joto linayageuza masalia kuwa mvuke, na mvuke uliofungiwa ndani ya pipa unalipuka na kurusha kifuniko kwa mkataji. Grisi chakavu isimwagwe kwenye mtaro. Ikusanywe kwenye pipa lenye alama na ipewe mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yenu.