Kwa wadogo zangu wahudumu wa afya wanaokaribia kumaliza mgomo wao wa kwanza

Mmenitumia rasimu ya makubaliano ya kurejea kazini mkiwa na furaha, nami nilipofika kwenye kifungu kisemacho malimbikizo "yatalipwa mapema iwezekanavyo" nikahuzunika, kwa kuwa ndicho kilichotuumiza sisi tuliowatangulia.

1. Kielewe chanzo cha mgomo. Mhudumu wa afya huvumilia mshahara mdogo, wagonjwa wawili kitanda kimoja na glavu zinazokwisha katikati ya zamu; kinachomshinda ni ahadi iliyotiwa saini kisha ikapuuzwa. Madaktari wa Kenya walipogoma Desemba 2016 walidai utekelezaji wa mkataba wa pamoja wa 2013, yaani makubaliano ya mishahara na mazingira ya kazi kati ya chama chao na serikali, na kabla mgomo haujaisha baada ya siku 100, viongozi wao walikuwa wamefungwa kwa kudharau amri ya mahakama. Utekelezaji wa mkataba uliofuata, wa 2017, ukawa tena miongoni mwa madai ya mgomo wa 2024 uliochukua siku 56, pamoja na ajira na malipo ya madaktari walio mafunzoni.

2. Usitoke wodini bila kukabidhi wagonjwa wako kwa maandishi.

3. Isomeni karatasi. Sisi tulikuwa tumechoka, mishahara imesimamishwa, wenye nyumba wanagonga milango, na kiongozi wetu aliposoma makubaliano tukapiga makofi kabla hajafika ukurasa wa pili. Hakuna aliyeuliza malipo yangefanyika tarehe gani, wala aliyekumbuka wenzetu waliokwisha kupokea barua za kujieleza. Tuliporudi, siku za mgomo zilikatwa kwenye mishahara, na muuguzi aliyekuwa akitusemea kwenye vikao akahamishiwa mbali na watoto wake, nasi tukapekua karatasi ile mbele na nyuma tusione mstari hata mmoja wa kumkinga. Alitupigania sote, na siku ya kuondoka alifunga mizigo yake peke yake. Hilo linaniuma kuliko fedha.

4. Msijifiche nyuma ya tafiti zinazosema vifo haviongezeki madaktari wanapogoma. Nyingi zilifanywa mahali ambapo huduma za dharura ziliendelea na upasuaji usio wa haraka ndio ulioahirishwa. Penye hospitali ya umma pekee, mjamzito asiye na fedha za hospitali binafsi hujifungulia nyumbani, na mtoto hukosa chanjo. Kwa hiyo bakizeni timu ya dharura, na mkirudi mkakuta foleni ndefu yenye watu wenye hasira, wahudumieni bila kujibizana nao.

Sasa irudisheni rasimu hiyo kabla ya kikao cha kesho. Daini ratiba ya malipo yenye tarehe, kifungu kinachokataza kumwadhibu au kumhamisha yeyote kwa sababu ya mgomo, na majina ya watakaosimamia utekelezaji kutoka pande zote mbili. Mwajiri akisema tarehe zitajadiliwa baadaye, msitie saini.